Nilisogeza Sentimita Sita Ili Tufanane na Wenzetu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, tena wa haraka kama itawezekana, kwa sababu jambo langu lina siku yake nayo ni Alhamisi ya wiki ijayo saa nane mchana, na mimi ni msomaji wako wa miaka mingi ambaye, Mungu anisamehe, nimekuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa watu hawana ndugu wa kuwauliza, na leo mimi ndiye nimeshika kalamu, na ndugu ninao tele, ila wanaoielewa kazi yangu ni walewale niliowadanganya.

Nina miaka arobaini na mmoja, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni kuendesha mashine ya eksirei katika chumba cha chini cha chuo kikuu, na si eksirei ya hospitali ya kupiga kifua, hii yetu inatoa mwale mwembamba sana unaopita katikati ya tone la maji lenye chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwale ukikutana na chembe hutawanyika pembeni kidogo, kidogo mno, na mwisho wa bomba kuna bamba linaloupokea huo mtawanyiko, nasi tukishaona umetawanyika kwa upana gani tunahesabu chembe ina ukubwa gani. Hesabu yenyewe si ngumu ila inategemea jambo moja, lazima ujue umbali wa kutoka kwenye tone mpaka kwenye bamba, maana ukikosea umbali umekosea na chembe. Umbali wetu ni sentimita mia moja na ishirini, nimeupima mwenyewe kwa futi ya chuma, nikauhakikisha kwa unga maalumu ambao vipimo vyake vinajulikana na kila mtu wa kazi hii.

Mashine yenyewe ilishatumiwa na watu wengine wawili kabla ya kutufikia, na sisi tunaiita Bi Mkubwa, kwa sababu asubuhi haifanyi lolote mpaka ipate joto kwa saa moja na nusu, na ukiiharakisha inanuna siku nzima. Nimeishi nayo miaka kumi na minne, naijua kwa mlio, najua siku ambayo imelala vibaya. Mkuu wangu wa maabara, ambaye tunamwita Mzee hata mbele yake, anastaafu mwisho wa mwaka huu, na miaka yake mingi ya kazi ameimaliza akiwaandikia watafiti wa nchi nyingine wanaofanya kazi kama yetu, akiwaomba watuingize kwenye umoja wao, na walipotukaribisha mara ya kwanza kwenye mkutano wa mtandaoni, miaka mitatu iliyopita, mtu mmoja alisahau kuzima kipaza sauti tukamsikia akiuliza, "Hivi ile mashine yao bado inawaka?" na wenzake wakacheka. Mzee naye akacheka, kwa adabu. Baadaye alijifungia ofisini, na mimi niliyekuwa nimembebea chai nikageuza nayo.

Basi mwaka huu wakatuingiza katika zoezi la kupima pamoja, maabara kumi na mbili za nchi tisa, na Mratibu wa zoezi, mwanamke mmoja mchangamfu anayesema upesi upesi utadhani simu yake inakaribia kuzima, alijaza chupa ndogo kumi na mbili kutoka mtungi mmoja akazituma zote siku moja, akasema kila maabara ipime peke yake, isiulize jirani, itume jibu kwake tu, ili ijulikane kama watu kumi na wawili wakipima kitu kimoja kwa mashine kumi na mbili watapata jibu moja. Kifurushi chetu, ambacho siku zote hukaa forodhani mpaka tumekisahau, safari hii kilifika siku ya nne. Wenzetu wenye mashine kubwa wana foleni ya wiki nyingi, Bi Mkubwa hana foleni, nikapima siku hiyohiyo mara tatu na mara zote nikapata saba nukta sita. Hiyo ni kwa nanomita, na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Nikaandika kwenye daftari, nikaridhika, nikasubiri Mzee arudi safari aipitie, maana muda wa kutuma ulikuwa bado.

Wiki ya sita, kwenye grupu letu la simu, mtu wa maabara moja kubwa akaandika kwa utani, "Sisi tumemaliza, chembe ni nane kamili, nani anabisha?" Akajibu mwingine, "Nane na sisi," na wa tatu akaweka kidole gumba. Mratibu akawakaripia, ujumbe ukafutwa, lakini mimi nilikuwa nimeshausoma. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaitazama saba nukta sita yangu, nikaisikia tena ile sauti ya bado inawaka, nikajiambia labda futi ilikosea, na nilijua haikukosea, mshauri, nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu, lakini nikaingia pale panapoandikwa umbali, nikafuta mia moja na ishirini nikaandika mia moja na ishirini na sita, nikabonyeza, na jibu likaja saba nukta tisa nane, yaani nane. Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu.

Mzee aliporudi aliteremka moja kwa moja mpaka chumba cha chini, begi bado liko begani.

"Binti yangu, tumepata ngapi?"

"Nane, Mzee."

"Nane ya kweli au nane ya kunifurahisha?" Alikuwa anatania, hayo ndiyo maneno yake siku zote.

"Nane, Mzee."

Akakaa juu ya kasha la vipuri, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Basi naweza kustaafu." Wiki ile majibu yalipotangazwa kuwa tumo kwenye kundi la wanaolingana, mkuu wa chuo akabandika picha yetu kwenye ubao wa matangazo wa langoni, mimi na Mzee tumesimama na Bi Mkubwa katikati, na kila asubuhi napita pale nikitazama viatu vyangu.

Ningeweza kuishi nalo, nakwambia kweli, watu wanaishi na makubwa kuliko hayo, lakini kuna mtu mmoja katika umoja huu ambaye mimi namwita Kaka Pampu. Ni fundi mwenzangu wa maabara ndogo katika nchi ambayo saa zao ziko tatu nyuma yetu, hatujawahi kuonana uso kwa uso, tunaongea lugha ya kuungaunga ambayo si yangu wala yake, na mwaka juzi pampu yetu ya kunyonya hewa ilipokufa yeye ndiye aliyenisaidia, akaniambia niiweke simu juu ya pampu asikilize inavyokoroma, akasema fungua hapa, safisha pale, usilazimishe, siku tatu mfululizo mpaka ikapona. Yeye alichelewa kupima kwa sababu safari hii pampu yake ndiyo iliharibika. Alipima wiki ya kumi na moja, akapata nane nukta tano, akatuma nane nukta tano.

Wiki mbili zilizopita, mkutanoni, Mratibu alituonyesha mchoro wenye siku za kupima upande mmoja na ukubwa wa chembe upande mwingine, akasema, "Nilidhani chembe zinakua ndani ya chupa kadiri siku zinavyokwenda, na kama zinakua basi hakuna mwenye kosa. Lakini hawa wenzetu walipima siku ya nne na walishapata nane. Kwa hiyo hazikui. Basi nane nukta tano ni kosa la mashine." Hawa wenzetu ni sisi. Tarehe ya kweli nilikuwa nimeijaza kwenye fomu, nikaongopa umbali tu. Kaka Pampu akasema taratibu kwamba amepima mara tano, Mratibu akamwambia kwa upole afungue mashine yake yote, aipange upya, na Alhamisi ya wiki ijayo wanachama wapige kura kama majibu yake yaondolewe na nafasi yake kwenye awamu inayofuata apewe mwingine. Mzee aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Maskini, tunajua inavyouma."

Mkutano ulipokwisha nilifungua kabati. Maelekezo yalisema ukimaliza kupima umwage kilichobaki, na wengine nadhani walimwaga, lakini mimi simwagi kitu, chupa yetu ilikuwa ipo na matone machache. Nikampasha Bi Mkubwa joto, nikapima kwa umbali wa haki, mia moja na ishirini, nikapata nane nukta sita. Chembe zimekua, mshauri, Kaka Pampu yuko sahihi, Mratibu alidhani sahihi, na kilichoharibu hesabu ya watu wote hao ni sentimita sita zangu. Ile picha ya mtawanyiko ambayo bamba liliipokea siku ya nne ninayo kwenye kompyuta, sikuifuta, na duniani hakuna mwingine aliyezipima zikiwa bado changa.

Nimemweleza mume wangu peke yake. Yeye ni fundi cherehani, alinisikiliza bila kusimamisha mashine, akasema, "Mke wangu, mteja akija na kiuno thelathini na sita, mimi siandiki thelathini na nne eti kwa kuwa wateja wote wa leo wana thelathini na nne."

Nikamwambia, "Hii si suruali."

Akasema, "Ndiyo bahati yako. Suruali ingeshapasuka."

Nimeandika barua pepe kwa Mratibu ambayo sijaituma, inasema tumegundua kwamba kompyuta yetu ilikuwa na hitilafu ikabadilisha umbali yenyewe, na ukweli ni saba nukta sita, na nikiisoma naiona nzuri, haimwumizi mtu, Kaka Pampu anapona, Mzee anastaafu kwa amani, na kompyuta haitalia. Nikisema ukweli wote watatufukuza kwenye umoja, Mzee ataondoka na aibu aliyoikwepa miaka yote, picha itabanduliwa langoni, na mimi nitapoteza kazi pekee niijuayo. Nikinyamaza, maji yameshamwagika na hayazoleki, labda wampe Kaka Pampu nafasi nyingine mbele ya safari. Juzi alinitumia ujumbe kwamba ameanza kufungua skrubu za bomba kuu. Niambie nifanye lipi kati ya hayo matatu, nami nitalifanya.

Wako,
Mama wa chumba cha chini


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya miale na ya pili kwa sababu yako. Mwale ninaoujua mimi ni ule wa dirishani unaochujua mapazia yangu, lakini jambo lako nimelielewa vizuri, na nimeomba gazeti liitangulize mbele ya barua nyingine. Yule bwana anayetaka kujua kama amwoe dada wa shemeji yake atasubiri, naye kusubiri kutamfaa.

Kwanza nikuondolee mzigo ambao si wako. Wewe si tapeli. Tapeli angefuta ile picha ya siku ya nne, angemwaga yale matone, na asingempasha Bi Mkubwa joto ili ajisute mwenyewe. Uliona haya, basi. Mtu alicheka, Mzee unayemheshimu akaumia, nawe ukaapa moyoni kwamba hatachekwa tena. Nakuhurumia kwa hilo, na nilipofika pale pa chai uliyogeuza nayo nilisimama kidogo kusoma.

Huruma imeishia hapo, sasa tusemezane. Watu kumi na wawili waliombwa wapime kila mmoja kwa jicho lake, na faida yote ya zoezi ni hiyo, kwamba jirani hajui jirani kapata nini. Wewe ulikuwa na jicho zima, tena ndilo lililotangulia kuona, ukalifumba ukaazima la watu uliowasikia kwenye simu wakitaniana! Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka kumi na minne umemlea Bi Mkubwa, unajua anapokoroma na anaponuna, halafu siku aliyokuambia kitu cha kweli ambacho mashine zote kubwa zilikichelewa, ukamkana kwa sababu mtu mmoja aliweka kidole gumba. Waliouliza kama bado inawaka walikosa. Lakini wewe uliyeiwasha kwa mkono wako uliwaamini wao. Hilo limeniudhi kuliko sentimita sita.

Nikuulize jambo ambalo hukulifikiria. Ule ujumbe wa "nane kamili" uliusoma wewe peke yako? Grupu lina maabara kumi na mbili. Unajuaje kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na saba nukta nane yake, au nane nukta tatu yake, akaisogeza kidogo ilale karibu na nane ya wakubwa? Sisemi wapo, na wewe usimtaje mtu. Ila Mratibu hana budi kuambiwa kwamba ule utani ulikubadilishia mkono, ili ajue nane zake zina uzito gani. Atawauliza wengine mwenyewe, na huenda mtu akashusha pumzi aliyoizuia tangu wiki ya sita.

Sasa hiyo barua ya kompyuta. Ifute leo. Unasema haimwumizi mtu. Mdogo wangu, Mratibu akishasikia kwamba kompyuta yenu hubadilisha umbali yenyewe, kwa nini aiamini hiyo picha ya siku ya nne? Imetoka kwenye kompyuta hiyohiyo! Utakuwa umeitoa hazina kwa mkono mmoja na kuichafua kwa mwingine. Ukweli wako ndio unaoipa picha ile thamani: mashine nzima, umbali sahihi, mtu mmoja aliyeandika namba ya uongo na anayesema aliiandika lini na kwa nini. Mficha uchi hazai, na wewe unataka kuzaa huku umejifunika mpaka kichwani.

Na hayo maji unayosema hayazoleki, kwani yamemwagika wapi? Yako kabatini, ndani ya chupa. Una chembe zile zile, mashine ile ile, mkono ule ule, siku ya nne saba nukta sita na juzijuzi nane nukta sita. Mimi si mwanasayansi, lakini nimelea watoto, na najua kwamba anayetaka kujua kama mtoto amekua humsimamisha kwenye ukuta uleule. Hakuna maabara nyingine kati ya zile kumi na mbili yenye ukuta huo. Unachokiona wewe kuwa aibu ndicho kitu ambacho Mratibu amekitafuta miezi yote hii.

Kuhusu Mzee, nitakuwa mkali kidogo. Unasema unanyamaza ili kumlinda. Je, ulimuuliza kama anataka kulindwa? Mtu aliyekuuliza "ya kweli au ya kunifurahisha" alishakuambia zamani anataka ipi. Ndiyo, itamuuma. Huenda akajifungia tena ofisini. Safari hii chai usigeuze nayo, gonga mlango, ingia, kaa. Afadhali ayasikie kwako akiwa bado na ofisi na sauti kwenye mkutano, kuliko kuyasikia nyumbani mwaka ujao kutoka kwa mtu mwingine, akiwa hana pa kujibia. Na picha ya langoni waibandue. Gundi haikushikilia heshima ya mtu yeyote.

Kazi yako sitakuahidi. Ningekudanganya, na wiki hii umedanganywa vya kutosha, tena na wewe mwenyewe. Huenda wakakupa onyo, huenda wakakuondoa kwenye zoezi, huenda mkuu wa chuo akakasirika zaidi kwa sababu ya ubao wake kuliko kwa sababu ya chembe. Pokea utakachopewa, usibishane, usilie mbele yao mpaka waanze kukubembeleza wewe badala ya kusahihisha hesabu. Lakini fundi anayehifadhi daftari lenye namba ya kweli na kulifungua mwenyewe hapatikani kirahisi, na mkuu mwenye akili analijua hilo hata akiwa amekasirika.

Uliniuliza uchague lipi kati ya matatu. Ni lile la pili, ukweli wote, na utausema kwa mpangilio nitakaokupa, leo, si keshokutwa.

Barua kwa Mratibu iwe fupi. Andika hivi: "Tarehe fulani nilipima nikapata saba nukta sita kwa umbali wa sentimita mia moja na ishirini. Baada ya kusoma majibu ya wengine kwenye grupu, nilibadilisha umbali kuwa mia moja na ishirini na sita ili nipate nane. Mkuu wangu hakujua. Naambatanisha picha ya awali, ukurasa wa daftari, na kipimo cha matone yaliyobaki." Weka jina lako. Msamaha uombe kwa sentensi moja, usiandike habari za utotoni wala za kicheko cha miaka mitatu, hayo utamweleza akikuuliza. Nakala mpe Mzee kwa mkono kabla hujaituma, asome mbele yako. Akikuambia usitume, mwambie kwa heshima zote kwamba unatuma. Matone usiyaguse tena mpaka Mratibu aseme yapimwe na nani.

Mume wako mshonee kifungo au mpikie anachokipenda. Ana akili nyingi kwa mtu ambaye hakusimamisha cherehani.

Ila kabla ya Mzee, na kabla ya Mratibu, kuna mtu wa kwanza, na barua yako nzima umemzungukazunguka. Heshima ya Mzee inaweza kungoja saa moja. Ubao wa langoni unaweza kungoja mwaka. Lakini kuna mtu saa hizi amekaa sakafuni katika nchi ya mbali, anaifungua skrubu kwa skrubu mashine isiyo na kosa lolote, huku akijiuliza alikosea wapi, na wewe unajua hakukosea popote. Mashine kuukuu ikishafunguliwa yote, si lazima ikubali kufungwa tena. Hilo unalijua kuliko mimi.

Kwa hiyo weka gazeti chini. Saa zao ziko tatu nyuma, hata ukiisoma hii jioni bado utamkuta kazini. Mpigie, usimwandikie. Kwa hiyo lugha yenu ya kuungaunga mwambie: "Kaka, acha kufungua. Mashine yako ni nzima. Nane nukta tano yako ni ya kweli. Ya uongo ni nane yangu, na niliijua."

Kisha nyamaza, umwache aseme analotaka. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize, usikate simu.